Mashine ya msasa kwa karakana ndogo ya hereni za kifuu, pembe na shaba: nianze na ipi?

Kifuu na Pembe (Tanga)

Assalamu alaikum, na habari zenu nyote. Nina karakana ndogo hapa Tanga, fremu moja ya mita 3 kwa 4, ambamo mimi na mdogo wangu tunatengeneza hereni, vidani na bangili kwa vitu vitatu: vifuu vya nazi, pembe za ng'ombe tunazozifuata machinjioni, na shaba ya njano tunayoipata kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, yaani makufuli yaliyokufa na koki za maji zilizong'olewa. Mpaka leo kazi yote ya kulainisha tunaifanya kwa mkono. Tunaanza na tupa, tunafuatia na msasa namba 80, 120 na 240, tunamalizia na msasa wa maji namba 600, kisha kifuu tunakipaka mafuta ya nazi na shaba tunaisugua kwa dawa ya kung'arishia vyombo.

Kilichonileta hapa ni kwamba duka moja la Zanzibar, lililokuwa likichukua jozi 40 za hereni kwa mwezi, sasa linataka jozi 120, wakati vidole vyetu ni vilevile ishirini. Nimetenga shilingi 900,000, fedha iliyotoka kwenye mchezo wa akina mama niliouchezea miezi kumi, kwa hiyo nikikosea sina ya kurudia. Mbele yangu yapo mawazo manne. La kwanza ni mashine ya mezani yenye mkanda wa msasa upande mmoja na diski upande wa pili. La pili ni ile mota ya kutundika yenye waya mrefu unaozunguka ndani ya mpira, ambayo fundi huishika mfano wa kalamu na kuiendesha kwa pedali ya mguu kama cherehani. La tatu limetoka kwa binamu yangu aliyeko Marekani, ambaye yuko tayari kunitumia mashine yake ya mkanda iliyotumika, mimi nilipie nafasi kwenye kontena tu. La nne ni la jirani yangu mchomeleaji, anayesema kwamba nahangaika bure, kwa kuwa grainda ya mkono iliyofungwa diski ya msasa inamaliza kila kitu.

Hilo la nne nimelijaribu mara moja. Nilibana grainda yake kwenye jiliwa, nikaigusisha kipande cha pembe kwa muda usiozidi kuvuta pumzi mbili, fremu nzima ikanuka nywele zilizoungua, na pembe yenyewe ikageuka njano na kuachana tabaka kama kitunguu. Tena nina jirani wa upande wa pili, fundi cherehani, ambaye Alhamisi moja alikuta vumbi la kifuu limetua juu ya kanzu nyeupe ya mteja iliyokuwa inasubiri Ijumaa. Kanzu nililipia kuifua, lakini urafiki haujarudi ulivyokuwa. Naomba ushauri wa waliopita njia hii: nianze na mashine ipi, na vumbi nilifanyeje?

Sonara wa Pwani (Mombasa)

Wa alaikum salaam, mwanangu. Mimi ni sonara wa fedha, kazi niliyoikuta kwa marehemu baba, na jambo la kwanza nitakalokuomba ni kwamba usinunue chochote wiki hii. Chukua saa na daftari, tengeneza jozi kumi kama kawaida yako, na uandike kila hatua imekula dakika ngapi. Fundi anayesema kazi inamchelewesha mara nyingi hajui ni kipande gani cha kazi kinachomchelewesha, naye hununua mashine ya kuharakisha pale ambapo hapakuwa na tatizo.

Nasema hivyo kwa sababu mpangilio wako wa namba umenitia shaka. Msasa namba 80 una chembe za kiasi cha mikroni 200, yaani sehemu ya tano ya milimita, na hiyo ni namba ya seremala anayevua rangi ya zamani kwenye mlango. Hereni ya kifuu yenye unene wa milimita 3 au 4, ambayo tayari imepita kwenye tupa, haina haja ya namba hiyo. Unaichimbia mikwaruzo kwa 80 halafu unahangaika nusu saa kuifukia kwa namba zinazofuata. Baada ya tupa nzuri, anza na 150 au 180.

La pili, geuza karatasi yako ya msasa usome mgongoni. Zipo karatasi zilizoandikwa P600 na zipo zilizoandikwa 600 bila herufi, na wauzaji wengi huzichanganya kwenye rafu moja. Zenye P zinafuata kipimo cha Ulaya, na chembe za P600 ni kama mikroni 26. Zisizo na P kwa kawaida zinafuata kipimo cha Marekani, na 600 yake ni kama mikroni 16, karibu sawa na P1200. Ukiruka kutoka P240 kwenda 600 ya Marekani umeruka kutoka mikroni 58 hadi 16, na mikwaruzo itabaki hata usugue mpaka magharibi. Weka P400 katikati. Na kila unapobadili namba, suuza kipande na mikono yako, kisha sugua kwa kukatiza mistari ya namba iliyotangulia, ili ukiona mstari umelala upande usiotakiwa ujue bado hujamaliza. (Msasa wenyewe, kabla haujawa karatasi, ni mti. Majani yake yana ukakasi kama ulimi wa paka, nayo ndiyo waliyolainishia mbao wazee wetu, bila kusumbuliwa na herufi P.)

Nikija kwenye mashine, kura yangu ni mota ya kutundika yenye pedali. Faida yake kwa sonara ni kwamba kasi iko mguuni mwako: unaweza kuzungusha polepole kabisa kwenye tundu la hereni, kisha ukaongeza kwenye ukingo wa bangili. Vishikizo vya vifaa vyake vina unene wa namna mbili, milimita 2.35 na milimita 3.2, basi hakikisha kichwa cha mashine kinakubali vyote viwili. Hicho cha 2.35 ndicho kinachotumika kwenye mashine za kucha za saluni, kwa hiyo hata ukiwa Tanga hutakosa vijiti vya msasa na brashi ndogo kwenye maduka ya vipodozi. Ila mashine yenyewe ya kucha usiitegemee kwa shaba, kwa sababu inakwenda kasi sana lakini haina nguvu, na ukiikandamiza inasimama.

Kifaa ninachokitumia kuliko vyote hakiuzwi. Ni msumari mnene wa milimita 3, niliokata kichwa chake na kuupasua ncha kwa msumeno wa sonara kiasi cha sentimita 2. Unachomeka ukingo wa kipande cha msasa kwenye mpasuo, unakizungushia msumari mara nne au tano, na unakuwa na msasa wa duara unaoingia ndani ya pete. Ukichakaa unachana tabaka la juu, na chini yake upo mpya. Angalia tu uuzungushie kwa namna ambayo ncha ya karatasi inaburutwa nyuma ya mzunguko. Ukikosea, karatasi itajikunjua kwa kishindo mara ya kwanza itakapogusa kazi.

Mchonga Mifupa (Nairobi)

Dada, pole kwa kazi na hongera kwa oda. Namheshimu sana mzee wetu wa Mombasa, na kuhusu namba za msasa sina la kuongeza, lakini kuhusu mashine nina maoni tofauti. Yeye anafanya fedha, kipande kimoja kimoja, na kila kipande kina thamani ya kukikalia saa nzima. Wewe una jozi 120, ambazo ni hereni 240, zinazopaswa kufanana. Mota ya kutundika itakufaa kwenye matundu na mikunjo, lakini kusawazisha uso na ukingo wa vipande 240 kwa kijiti cha unene wa kidole ni kumwaga bahari kwa kijiko. Mimi hufanya kazi ya pembe na mfupa, na mashine iliyonipa nafuu ni ya mkanda mwembamba, wenye upana wa milimita 25 na urefu wa milimita 762, pamoja na diski yake ya milimita 125 pembeni.

Sababu za kuchagua ukubwa huo ni mbili. Ya kwanza ni kwamba mkanda mwembamba unafika kwenye mapinda, na ukifungua lile bamba la chuma lililo nyuma yake, mkanda unalegea kidogo na kufuata umbo la mviringo badala ya kuupiga bapa. Ya pili ni upatikanaji: kabla ya kulipia mashine, ingia madukani mwenu uulize ni mikanda na diski za kipimo gani zinazouzwa kila siku. Mashine nzuri ambayo mikanda yake huagizwa kutoka nje itageuka kuwa meza ya kuwekea chai.

Upande wa pembe, adui yako ni joto. Pembe imetengenezwa kwa kitu kilekile kilichotengeneza kucha na nywele, ndiyo maana ulisikia harufu ile, na tabaka zake huachana zikipata moto. Ishike kwa vidole vitupu, kwa sababu vidole ndivyo kipimajoto chako. Gusisha, hesabu moja, mbili, tatu, iondoe, ichovye kwenye bakuli la maji lililo kando yako, ifute, urudie kwa upande mwingine. Vidole vikilalamika, pembe imekwisha kulalamika kabla. Tumia mkanda mpya au uliosafishwa, kwa maana mkanda uliochakaa haukati tena bali unasugua, na kusugua ndiko kunakozaa moto. Mimi hutumia mkanda wa P180 kwa umbo na P320 kwa kuondoa alama, kisha nazima mashine. Kuanzia P400 hadi P1200 ni msasa wa maji, kwa mkono, juu ya kipande cha kioo kilicholowa, na hapo vumbi halipo kabisa.

Kwa kifuu nikupe hila moja itakayokuokolea siku nzima. Kata vipande vyako vikiwa vikubwa kidogo kuliko mchoro, vibandike sita sita kwa selotepu ya pande mbili, na ulainishe ukingo wa rundo zima kwa pamoja kwenye mkanda. Kifuu kina mbonyeo, kwa hiyo panga vipande vilivyotoka sehemu moja ya nazi ili vilaliane. Ukibandua, una jozi tatu ambazo hata mteja mwenye jicho kali hatazitofautisha.

Sasa vumbi, ambalo mimi ningelitoa kwenye bajeti kabla ya mashine. Kinga ya kitambaa, au ile nyembamba ya hospitali, haizuii vumbi la aina hii. Nunua barakoa yenye alama ya N95 au FFP2, inayobana pembeni mwa pua. Nyuma ya mkanda tengeneza sanduku la mbao nyembamba lenye tundu la bomba la mashine ya kuvuta vumbi, yenye mfuko ndani, na mashine hiyo iwashwe kabla ya mkanda. Usifagie kukiwa kukavu; futa kwa kitambaa kilicholowa. Koki nyingi za zamani zina risasi kidogo iliyochanganywa ili shaba ikatike vizuri, kwa hiyo chai na mihogo viliwe nje, mikono ioshwe kwa sabuni, na nguo za kazi zisiende nyumbani kwa watoto. Na pembe nunua zile za mnyama aliyekaguliwa na daktari wa mifugo, usiokote pembe za mzoga porini hata ukipewa bure, kwa sababu kimeta hukaa ndani ya ngozi, mifupa na pembe kwa miaka mingi, na vumbi lake ndilo njia ya kukifikisha mapafuni.

Mafundi na Volti (Dar es Salaam)

Mimi si mtu wa hereni, ni fundi wa mota, na nimevutwa na ile mashine ya binamu wa Marekani. Dada yangu, iache ilipo, au angalau mwombe akutumie picha ya bati la maelezo lililo kwenye mota.

Umeme wa kwao ni volti 120 na mitetemo 60 kwa sekunde, wa kwetu ni volti 230 na mitetemo 50. Watu watakuambia nunua transfoma yaishe, lakini transfoma hushusha volti tu, haigusi mitetemo. Ikiwa mota haina kaboni (vile vipande vyeusi vinavyopeleka umeme kwenye sehemu inayozunguka), na mashine nyingi za mezani za mkanda ni za namna hiyo, mwendo wake unafuata mitetemo ya umeme: iliyoandikwa mizunguko 3,450 kwa dakika huko kwao itazunguka kama 2,850 kwetu. Kasi kupungua si tatizo kwa pembe, ila mota hiyo itavuta umeme mwingi kuliko iliyoundiwa, itapata moto, na siku moja itanuka kuliko pembe yako. Ikiwa ni mota ya kaboni, mitetemo haiisumbui na transfoma ya nguvu ya kutosha itafaa. Lakini ukijumlisha bei ya transfoma na nafasi ya kontena, umekaribia bei ya mashine mpya ya volti 230 yenye dhamana ya duka.

Kuhusu grainda ya jirani, hesabu ndiyo itakayomjibu. Grainda ya milimita 115 huzunguka mara 11,000 kwa dakika, na ukingo wa diski yake hukimbia karibu mita 66 kwa sekunde. Diski ya milimita 150 kwenye mota ya kawaida ya mizunguko 2,850 hukimbia kama mita 22 tu ukingoni, na ukisogea karibu na kitovu inapungua zaidi. Hiyo ni tofauti ya mara tatu, na juu yake grainda haikuundwa kubanwa kwenye jiliwa ikitazama juu huku kidole cha mtu kikiikaribia. Na lile jiwe la grainda ya meza la kunolea patasi, usiligusishe shaba wala alumini: madini laini hujaza matundu ya jiwe, jiwe hupata moto bila kukata, na linaweza kupasuka likiwa katika mwendo.

Kwa kung'arisha mwishoni, kama fedha haitoshi, tafuta mota ya mashine mbovu ya kufulia ya mapipa mawili. Kwa kawaida ni ya mizunguko takriban 1,400, na gurudumu la kitambaa la milimita 100 likifungwa hapo hukimbia mita 7 hivi kwa sekunde, mwendo wa upole unaofaa pembe. Usichukue mota ya kaboni ya mashine ya kisasa ya mlango wa mbele bila kidhibiti chake, kwani ikikosa mzigo hupandisha kasi mpaka inajivunja. Chochote utakachofunga, weka waya wa ardhi na swichi ambayo mkono unaifikia bila kupita juu ya gurudumu.

Binti Darajani (Muscat)

Naandika kwa kifupi, maana nipo kazini. Kwa vipande vya shaba fikirieni pia pipa la kuzungusha. Hapa dukani kwetu minyororo na vipande vidogo vya fedha tunaviweka ndani ya pipa la mpira pamoja na chembe za chuma cha pua, maji na sabuni kidogo, linazunguka saa kadhaa sisi tukifanya mengine. Eleweni tu kwamba chembe hizo hazilainishi mikwaruzo, zinaubana na kuung'arisha uso uliokwisha kulainishwa. Ukiingiza kipande chenye alama za tupa kitatoka kinameta, alama zikiwa palepale. Kifuu na pembe msiviingize humo na maji. Vyenyewe vinataka pipa kavu lenye magunzi ya mahindi yaliyosagwa na nta kidogo.

Na jambo la pili, kwa sisi akina mama: mtandio uchomekwe ndani ya nguo au ufungwe nyuma, mikono ya buibui ikunjwe na kubanwa. Mkufu usishikwe kwa mkono kwenye gurudumu linalozunguka hata siku moja. Uzungushiwe ubao kwanza.

Kifuu na Pembe (Tanga)

Ahsanteni nyote, na mniwie radhi kwa kukaa kimya wiki tatu. Nilimtii mzee wa Mombasa kwanza: nilikaa na saa na daftari. Jozi moja ya kifuu ilikuwa inakula dakika 31, na kati ya hizo, dakika 14 zilikuwa za kufukuza mikwaruzo ya ile namba 80. Msasa wangu wa 600 kweli haukuwa na P. Nilipoanza na 180, nikapita P240 na P400 kabla ya kumalizia na huo 600, jozi ileile ilishuka hadi dakika 22 bila mashine yoyote, na mdogo wangu, aliyekuwa msemaji mkuu wa habari za mashine, akanyamaza siku nzima.

Hata hivyo, dakika 22 mara 120 ni saa 44, na hizo ni hereni tu kabla sijagusa bangili. Kwa hiyo nimenunua mashine ya mkanda wa milimita 25 yenye diski ya milimita 125, ya volti 230, baada ya kuzunguka maduka manne na kukuta diski hizo za kubandika zinauzwa kote na mikanda inauzwa katika mawili. Fedha iliyobaki imenunua mashine ya kuvuta vumbi iliyotumika na barakoa pakiti moja. Binamu nimemshukuru na kumwachia mashine yake. Mota ya kutundika itasubiri mchezo ujao, ila msumari uliopasuliwa nimekwisha kuutengeneza, na kwa sasa naufunga kwenye keekee ya umeme iliyobanwa, kwa mwendo mdogo.

Rundo la vifuu sita kwa selotepu limefanya kazi vizuri isipokuwa siku ya kwanza, ambapo nilibana kwa nguvu, joto likalegeza gundi, na kipande cha katikati kikaruka hadi kwa fundi cherehani. Safari hii alicheka. Sanduku la vumbi limemfurahisha, ingawa ameniomba nisiendeshe mashine Alhamisi jioni, nami nimekubali.

Nina swali moja lililobaki. Mkanda wangu unakimbilia kushoto: kila nikiwasha, baada ya nusu dakika unaanza kulamba ukuta wa kifuniko, na mmoja umekwisha kuchanika ukingo. Je, mashine ni mbovu, niirudishe dukani?

Mchonga Mifupa (Nairobi)

Bado usiirudishe, dada. Zima, chomoa waya, kisha toa mkanda uuangalie upande wa ndani: kwa kawaida kuna mshale unaoonyesha uelekeo, na mshale huo ufuate mwendo wa mashine, kwa sababu kiungio cha mkanda kimelaliana upande mmoja na ukiufunga kinyume hubanduka. Kwenye gurudumu la juu utaona skurubu yenye kichwa cha plastiki. Rudisha mkanda, uzungushe kwa mkono huku waya ukiwa umechomolewa bado, na ukaze au ulegeze skurubu hiyo robo mzunguko kwa wakati mmoja, ukitazama mkanda unahamia wapi, mpaka utulie katikati. Ndipo uchomeke, uwashe na kuzima haraka mara mbili tatu, na umalizie marekebisho madogo. Kila ukibadili mkanda utalazimika kurudia, kwani hakuna mikanda miwili iliyounganishwa sawasawa.

Ukiona skurubu imefika mwisho na mkanda bado unakimbia, futa magurudumu yote kwa kitambaa. Vumbi la pembe likichanganyika na nta hujenga ganda upande mmoja wa gurudumu, na mimi nilihangaika na jambo hilo wiki nzima kabla sijalibandua kwa ukucha.

Kifuu na Pembe (Tanga)

Mshale ulikuwa umeelekea juu, na mashine inakwenda chini. Nimeugeuza mkanda, nimekaza skurubu robo mbili, sasa umetulia katikati. Nimeandika mshale mkubwa kwa chaki kwenye kifuniko, ili mdogo wangu naye asisahau.